Kazi ya kuhamahama: nipange nini Kasulu, na familia ibaki wapi?

Swali: Mimi ni fundi sanifu wa miradi ya maji, naajiriwa na mkandarasi kwa mkataba. Ndani ya miaka miwili nimepelekwa Uvinza, kisha Kibondo, na sasa naambiwa Kasulu: labda miezi minne, labda mwaka. Mke wangu anauza vitenge sokoni Mwanga, hapa Kigoma mjini, na hapo Mwanga tunapanga kwa 120,000 kwa mwezi. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la nne. Dalali wa Kasulu amenipatia nyumba nzima ya vyumba vitatu kwa 150,000, ila mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Nihamishe familia au niende peke yangu? Na nikienda peke yangu, nipange nini? (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Ndugu yangu, hiyo miezi sita usiilipe, angalau si kwa masharti hayo. Familia ibaki Mwanga. Wewe panga chumba kimoja cha masta Kasulu, chenye choo ndani na mita yake ya umeme, kwa miezi mitatu ya kwanza na baada ya hapo mwezi kwa mwezi. Nitakuonyesha nimefikaje hapo, kwa sababu mwaka kesho watakupeleka kwingine na hesabu utairudia wewe mwenyewe.

Mtu anayehamahama akiambiwa "laki na nusu kwa mwezi" asidhani hiyo ndiyo bei. Kwako wewe bei ni fedha yote itakayotoka mfukoni mpaka siku unaondoka, ukigawa kwa miezi uliyolala humo kweli. Chukua ile nyumba ya vyumba vitatu. Kodi ya miezi sita ni 900,000. Dalali kwa kawaida hula kodi ya mwezi mmoja, 150,000. Gari la kubeba vyombo vya familia kutoka Kigoma tuseme 250,000. Mapazia, wavu wa madirisha, vitasa, taa na vikorokoro vingine tuseme 100,000. Jumla 1,400,000. Ukiondolewa baada ya miezi minne, kila mwezi umekugharimu 350,000.

Upande wa pili, tuseme masta ni 70,000. Miezi minne ni 280,000, dalali 70,000, kirikuu cha mzigo wako mdogo 80,000, vikorokoro 40,000. Jumla 470,000, yaani 117,500 kwa mwezi. Lakini tusijidanganye: huku Mwanga kodi ya 120,000 inaendelea, na utataka kwenda kuona watoto, tuseme mara mbili kwa mwezi kwa nauli ya 40,000 zote pamoja. Inafika 277,500. Bado uko chini ya 350,000. Hata gesti ya 10,000 kwa usiku, ukielewana nao iwe 240,000 kwa mwezi, yenyewe peke yake iko chini ya ile nyumba nzima kwa muda huo wa miezi minne, ila ukijumlisha Mwanga na nauli inafika 400,000, kwa hiyo ni ya muda mfupi tu.

Sasa sogeza miezi. Kwenye mwezi wa tano, nyumba inakuja 280,000 na masta pamoja na Mwanga inakuja 268,000. Mwezi wa sita nyumba ni 233,000 hivi, masta na Mwanga ni 262,000 hivi. Kwa hiyo kwa namba hizi mizani inageukia kati ya mwezi wa tano na wa sita, na ungekuwa na uhakika wa kukaa Kasulu mwaka mzima, kuhamisha familia kungekuwa nafuu kwa upande wa kodi. Ila angalia mwezi wa saba, ambao watu hawauhesabu. Siku unayoingia mwezi wa saba umelipa 900,000 nyingine. Wakikuhamisha mwezi huo, umetumia 2,300,000 kwa miezi saba: karibu 329,000 kwa mwezi. Malipo ya miezi sita yanapanda kwa ngazi, na wewe hujui utateremshwa kwenye ngazi ipi. Namba zangu ni za mfano, weka za kwako. Kama mwajiri halipii gari la kurudi, ongeza na hilo.

Na hapo sijagusa biashara ya mama watoto. Mwanga ana meza, ana wateja wanaomjua na wengine wanaomdai na kudaiwa. Kuanza upya soko la Kasulu si kazi ya wiki mbili. Faida yake ya mwezi ikizidi ile tofauti ndogo ya kodi utakayookoa kwa kukaa mwaka, na kwa vitenge nadhani inazidi, basi swali la kuhamisha familia limekwisha. Mtoto naye yuko darasa la nne, darasa lenye upimaji wa kitaifa, na watahiniwa husajiliwa kwa shule. Uhamisho wa mwanafunzi unapita kwa walimu wakuu kwenye PReM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi. Mtoto akihamishwa mwili bila taarifa zake kuhamishwa kwenye mfumo, shule mpya inampokea darasani halafu anakosekana kwenye orodha ya mtihani. Ukilazimika kumhamisha siku moja, fanya Desemba kuingia Januari, na usiondoke shule ya zamani kabla mwalimu mkuu hajakuonyesha kwamba ametuma uhamisho. Kigoma na Kasulu ni lami, kama saa mbili kwa basi dogo, kwa hiyo Ijumaa jioni unafika nyumbani. Ingekuwa Kibondo ningekuambia uandae hesabu nyingine ya nauli na uchovu.

Turudi kwa mwenye nyumba. Miezi sita haiombi kwa ukatili. Mara nyingi ana tundu maalumu la kuziba: bati za nyumba nyingine, ada, saruji. Fedha yako ikiingia asubuhi, jioni imeshakuwa bati. Ndiyo maana ahadi ya "ukihama nitakurudishia" haina nguvu hata akiwa mwaminifu, maana hana cha kurudisha. Mpangaji mzoefu haombi kurudishiwa fedha, anaomba haki ya kumleta mpangaji mwingine amalizie muda wake. Hiyo haimgharimu mwenye nyumba hata senti, na wewe unapata nafasi ya kumwuzia mwenzako miezi iliyobaki. Kasulu na Kibondo, ambako watu wa mashirika na wa miradi huja na kuondoka kila mara, mpangaji mbadala hapatikani kwa tabu sana ukianza kumtafuta mapema. Kifungu kiandikwe hivi, kwa maneno ya kawaida:

"Mpangaji akihamishwa kikazi na kuonyesha barua ya mwajiri, atatoa taarifa ya siku 30. Atakuwa na haki ya kumleta mpangaji mwingine mwenye barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, amalizie muda uliolipiwa kwa masharti yaleyale. Mwenye nyumba hatamkataa bila sababu ya msingi, wala hatatoza ada yoyote kwa mabadiliko hayo."

Bila sentensi ya mwisho ataomba "cha kubadilisha jina", na dalali naye atajitokeza kudai chake.

Njia nyingine ni kumpandishia kidogo. Mwambie utatoa 75,000 badala ya 70,000 kwa masta, ila kwa miezi mitatu, kisha mwezi mwezi. Hiyo elfu tano ni bima rahisi kuliko zote utakazowahi kulipia. Na muda uandikwe wazi. Mkataba usiotaja mwisho, kwa Sheria ya Ardhi (Sura ya 113), huhesabiwa kuwa upangaji wa vipindi, na notisi ya kuuvunja haipaswi kupungua urefu wa kipindi cha malipo. Maana yake, ukizoea kulipa miezi sita sita bila mkataba wenye tarehe, hata notisi inaweza kudaiwa ya miezi sita. Mtu wa kuhamahama anataka kipindi kifupi, na akitake kwa maandishi.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha anayekupangisha ana mamlaka. Nyumba za urithi ziko nyingi mkoani kwetu, Ujiji hasa, na kisa chake ni kilekile: kaka anapokea kodi, baada ya miezi miwili dada anakuja na funguo na ndugu wawili nyuma yake. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au mjumbe ukaulize nyumba ni ya nani. Kama mwenyewe alishafariki, anayesaini awe msimamizi wa mirathi. Fedha ipite kwenye simu iliyosajiliwa kwa jina lilelile lililo kwenye mkataba. Dalali anayetaka umtumie "ya kushikia chumba" ukiwa bado Kigoma, mwache. Fika Kasulu, lala gesti wiki moja, tembea kwa miguu kati ya ofisi ya mradi na mitaa ya karibu. Wiki hiyo ya gesti ni gharama ya kazi, mwombe mwajiri aibebe.

Ukikagua chumba, anza na mita ya LUKU. Omba kununua umeme kidogo kwenye mita hiyo kabla ya kusaini, kisha soma risiti mstari kwa mstari. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi. Chumba kilichokaa kitupu miezi mitano bila kununuliwa umeme kitakula 7,500 yako siku ya kwanza, na kama kuna deni lingine lililofungwa kwenye mita, nalo litajitokeza hapo. Hiyo kodi ni ya mwenye nyumba. Andikeni kwamba utaikata kwenye kodi ya pango kwa kumwonyesha risiti, la sivyo utamlipia mwaka mzima kimyakimya.

Risiti hiyohiyo inakuambia jambo kubwa zaidi. Gawa shilingi zilizobaki baada ya makato ya deni na kodi ya jengo kwa idadi ya uniti. Kila elfu moja ikikupa kama uniti nane, mita iko kundi la watumiaji wadogo, D1, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Ikikupa chini ya tatu, iko T1, kundi la matumizi ya kawaida. Tofauti ni karibu mara tatu. Nyumba ambayo wapangaji watano wanachangia mita moja kwa kawaida haibaki D1, kwa hiyo hata mwenye taa moja na chaja ya simu analipia umeme kwa bei ya mwenye friji na pasi. Ndiyo maana nimesisitiza mita yako peke yako. Chumba cha 60,000 chenye mita ya kuchangia kinaweza kukutoka zaidi ya cha 70,000 chenye mita yake, ukiacha zile kelele za "nani amemaliza umeme".

Maji: usiulize kama yapo, uliza yanatoka siku gani na saa ngapi, na umwulize mpangaji wa jirani, si dalali. Wewe ni mtu wa maji, presha unaijua. Miji yetu iko vilimani na bomba la juu hukauka wakati la bondeni linamwaga. Omba kuona ankara ya mwezi uliopita, maana deni hubaki kwenye akaunti ya nyumba na anayekatiwa ni aliyemo ndani. Kama hakuna tanki, hesabu madumu mawili ya lita 20 kwa siku kwa mtu mmoja, na bei ya mbeba maji.

Kisha inua macho. Mkoa wa Kigoma mvua huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, kwa hiyo ukikagua Julai kila paa ni zima. Tafuta madoa ya rangi ya chai kwenye silingibodi, hasa pembeni inapokutana na ukuta. Doa lenye duara ndani ya duara ni tundu linalovuja kila mwaka na kupigwa rangi juu. Bonyeza fremu ya mlango kwa ufunguo karibu na sakafu: ukizama kama kwenye biskuti, ni mchwa. Angalia nje kama maji ya mtaa yanapita mbele au chini ya msingi. Tofali mbichi zilizopigwa lipu nzuri hazionekani, ila gonga ukuta wa nje kwa chini. Lipu iliyoachia hutoa sauti ya utupu. Radi ni za kweli upande wa Kasulu na Kibondo, kwa hiyo uliza ethi iko wapi na uione waya ikiingia ardhini, isiwe imekatwa na jembe. Malaria pia huku ni kubwa kuliko mikoa mingi, na wavu wa dirisha uliochanika si urembo ulioharibika. Choo cha kuvuta mwage ndoo nzima kwa mara moja: maji yakipanda kabla ya kushuka, shimo limejaa, na mkataba useme nani analipia gari la majitaka.

Kitasa badilisha siku unayoingia. Kama mlango una kitasa cha silinda, nunua silinda yako, hifadhi ya mwenye nyumba kwenye mfuko pamoja na skrubu yake, na siku ya kuondoka irudishe mahali pake na uondoke na yako. Ni kazi ya dakika kumi na bisibisi moja. Pima urefu wa ile ya zamani kabla ya kwenda dukani, na pande zote mbili kutoka tundu la skrubu, kwa sababu silinda nyingine hazilingani pande, na ikitokeza nje sana mwizi anaivunja kwa koleo.

Mzigo wako wa Kasulu usizidi kirikuu kimoja, safari moja. Kitanda cha kufungua kwa nati, futi nne kwa sita kinatosha, na nati zake ziwe kwenye kopo lililofungwa kwenye ubao wa kichwani, maana kitanda kikikosa nati mbili tu kinalia usiku kucha. Nguo kwenye tranka la bati, si kabati la MDF (ubao wa unga wa mti ulioshindiliwa): kabati hilo likifunguliwa na kufungwa mara ya pili matundu ya skrubu yanakuwa unga, na mara ya tatu halisimami. Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lake juu. Friji acha Mwanga. Ukilazimika kulibeba, lisafiri limesimama, na ukifika liache masaa kadhaa kabla ya kuwasha ili oili irudi kwenye kompresa. Likisafiri limelala, subiri siku nzima. Siku ukihamisha vyombo vingi, ulizia malori yaliyoshusha bidhaa na yanarudi matupu. Dereva wa gari la kurudi anakubali bei ambayo mwenye kenta wa kukodi hawezi kuisikia.

Mwajiri wako naye tumfikie. Soma mkataba wa kazi uone kama umetaja mahali ulipoajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini (Sura ya 366) inamtaka mwajiri, mkataba ukiishia mahali pengine, akusafirishe wewe na mizigo yako kurudi ulikoajiriwa, au alipe gharama hiyo, na posho ya kujikimu ukisubiri usafiri. Ikiandikwa "Kigoma", umepona. Ikiachwa wazi na mradi ukafungwa ukiwa Kasulu, utabishana ukiwa na tranka barabarani. Kampuni ikikubali kulipa pango yenyewe, itapaswa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10. Mwenye nyumba anayesema "mimi nataka 150,000 mkononi" anamaanisha mkataba uandikwe 166,667. Lisemwe mapema, vinginevyo tofauti hiyo ataidai kwako mlangoni.

Kwa nyumba ya Mwanga fanya kinyume cha yote niliyosema. Huko ndiko unataka mkataba wa mwaka, kodi isiyopanda katikati, na hata kulipa miezi sita si vibaya, kwa sababu hapo ndipo pasipohama. Ukiwahi kutaka kubadili, usivutwe na bei ya chini karibu na maji. Ziwa Tanganyika lilipanda sana 2020 na 2021, likapanda tena 2024, na mwalo wa Kibirizi wanakumbuka vizuri maji yalifika wapi.

Mpigie dalali leo, umwambie nyumba nzima huihitaji, unataka masta yenye mita yake, miezi mitatu, na kifungu cha uhamisho kama nilivyokiandika. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu akikurudia kwamba yuko tayari kwa miezi mitatu, shukuru na ukatae, maana bado ni vyumba viwili usivyolala. Mwenye masta aking'ang'ania miezi sita lakini akasaini kifungu cha mpangaji mbadala, unaweza kukubali. Akikataa vyote viwili, endelea na gesti hadi mwisho wa mwezi na uzidi kutafuta. Kwa mwezi mmoja unapoteza 170,000 ukilinganisha na masta, na kodi ya miezi sita bila kifungu hicho ni 420,000.